Noti za dola za babu: Usizitupe, lakini pia usianze kutafuta ploti

HEBU tuseme wikendi hii umeenda ushago kusaidia kupanga nyumba ya babu. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati. Ndani yake, katikati ya vyeti vya shule na picha za nyeusi na nyeupe, unakuta bahasha. Unaifungua. Ni dola!

Unakumbuka ile stori ambayo babu huirudia kila Krismasi. Alikuwa mmoja wa vijana waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa Tom Mboya, ule ambao ndege yake ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Babu alifuata baadaye kidogo. Alirudi na shahada, koti zito la baridi ambalo hajawahi kulivaa tena, na bahasha hii.

Ndani kuna noti tano. Ya kwanza ni dola moja ya mwaka 1957, ila muhuri wake ni wa buluu badala ya kijani. Ya pili ni dola mbili ya mwaka 1953, muhuri mwekundu. Ya tatu ni karatasi ya manjano iliyoandikwa dola 100 na jina la nchi ambayo hujawahi kuisikia, Confederate States of America. Ya nne ni dola moja pia, muhuri wa kahawia, na mgongoni imepigwa neno HAWAII kwa herufi kubwa. Ya tano ni dola 20 ya mwaka 1990, ile ya kichwa kidogo, ambayo shangazi yako aliiongeza miaka hiyo akitoka safari.

Kabla chai haijaiva, tayari uko mtandaoni. Jamaa kwenye TikTok anasema dola mbili inaweza kukuletea maelfu. Mwingine ana kundi la WhatsApp la "wanunuzi wa noti za zamani". Moyo unadunda. Unaanza kuwaza ploti Kitengela.

Pole pole. Hebu tuzikague moja moja, kwa sababu kuna njia mbili za kupoteza hapa. Unaweza kubadilisha noti ya maana kwa bei ya soda kwa kutojua. Na unaweza kulaghaiwa hela zako mwenyewe ukifukuzia mamilioni ambayo hayakuwahi kuwa kwenye bahasha.

DOLA HAIFI

Sisi Wakenya tuna mazoea tofauti na noti za zamani. Unakumbuka mwaka 2019? Benki Kuu ilitangaza Juni 1 kwamba noti ya zamani ya Sh1,000 ingekufa Septemba 30. Waliochelewa walibaki na karatasi. Noti zaidi ya milioni saba hazikurudishwa, yaani zaidi ya Sh7 bilioni ziliyeyuka hivi hivi.

Marekani haifanyi hivyo. Noti yoyote iliyotolewa na serikali ya huko tangu 1861 bado ni pesa halali kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Dola moja ya mwaka 1899 ukiipeleka dukani Chicago leo, kisheria bado ni dola moja. Keshia anaweza kuishangaa na kumwita meneja, lakini haijafa.

Hilo lina maana mbili. Kwanza, bei ya chini kabisa ya noti halisi ya Marekani ni ile iliyoandikwa juu yake. Haiwezi kuwa bure. Pili, kwa kuwa hazikufa, watu hawakulazimika kuzirudisha zote. Nyingi mno zilibaki kwenye madroo, Biblia na masanduku kama la babu. Na kitu kilichobaki kwa wingi hakina bei.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotelea. Tunadhani uzee ndio huleta thamani. Sivyo. Wakusanyaji wanalipia mambo matatu: noti iwe adimu, iwe katika hali nzuri, na kuwe na watu wanaoitaka. Noti ya miaka 60 iliyochapishwa kwa mabilioni haina maajabu. Ya miaka kumi yenye kosa la kiwandani inaweza kuishinda.

NOTI YA KWANZA: MUHURI WA BULUU

Irudie ile dola moja ya 1957. Juu kabisa imeandikwa Silver Certificate, yaani cheti cha fedha, na fedha hapa ni yale madini meupe yenyewe. Zamani Hazina ya Marekani iliahidi kwamba mwenye noti hiyo angeweza kuileta na kupewa dola ya madini ya fedha. Babu alipokuwa mwanafunzi huko, ahadi hiyo ilikuwa hai. Ilifungwa rasmi Juni 24, 1968. Tangu siku hiyo, cheti hiki ni dola moja ya kawaida yenye muhuri wa buluu.

Noti za 1957 ndizo dola moja za kwanza za karatasi kubeba maneno yale ya kumtumaini Mungu ambayo leo yako kwenye kila dola. Lakini zilichapishwa kwa mabilioni, na Wamarekani wengi waliziweka kando walipoona zinaondolewa. Kwa hivyo iliyotumika na kukunjwa kama ya babu huuzwa dola moja na nusu, labda mbili. Kwa pesa zetu ni kama Sh200 hivi. Hiyo ni nauli na chapo dondo.

NOTI YA PILI: DOLA MBILI

Hii ndiyo inayowatia watu wazimu mtandaoni. Kwa kuwa dola mbili haionekani sana madukani, hata Wamarekani wengi hudhani ni hazina. Ukweli ni kwamba bado inachapishwa. Ile ya 1976, yenye picha ya viongozi wakiwasilisha Tangazo la Uhuru mgongoni, ipo kwa wingi na mara nyingi thamani yake ni dola mbili tu.

Ya babu ni ya 1953, muhuri mwekundu, na mgongoni kuna nyumba ya Thomas Jefferson, Monticello. Inapanda kidogo, dola tatu au nne ikiwa imetumika. Ikiwa mpya kabisa, haijawahi kukunjwa, itaongeza zaidi. Lakini maelfu? La.

Sasa wale wa maelfu wanatoa wapi hizo bei? Mara nyingi wanapiga picha bei ambayo muuzaji ameomba. Mimi nikiweka baiskeli yangu mtandaoni kwa Sh2 milioni, hiyo haifanyi iwe baiskeli ya Sh2 milioni. Kinachohesabika ni bei ambayo mtu amelipa. Kwenye eBay unaweza kuchuja uone vitu vilivyouzwa tu. Nyumba kubwa za mnada kama Heritage Auctions nazo huweka kumbukumbu za bei zilizolipwa. Ukitazama huko dakika kumi, ndoto nyingi za TikTok zinaisha zenyewe.

NOTI YA TATU: NCHI ILIYOSHINDWA VITA

Karatasi ile ya manjano inatoka kwenye hadithi nzito. Mwaka 1861 majimbo ya kusini mwa Marekani yalijitenga ili kulinda utumwa, yakaunda serikali yao na kuchapisha pesa zao. Walishindwa 1865. Mwaka 1868 katiba ya Marekani ilirekebishwa na kutamka kwamba madeni ya serikali hiyo ni batili. Pesa zake zikawa takataka rasmi. Ndizo pesa za Amerika zilizokufa kweli kweli.

Ajabu ni kwamba leo noti halisi za Kusini zina wakusanyaji, na zilizo adimu hulipiwa vizuri. Lakini ishike ya babu. Inakwaruza kama ngozi kavu, ina manjano ya kujitengenezea, na saini zake zimechapishwa kwa wino ule ule wa noti. Noti halisi za dola 100 zilitiwa saini kwa mkono, kalamu na wino, na makarani waliokaa Richmond wakisaini moja baada ya nyingine. Saini halisi huonekana tofauti na maandishi mengine, na wino wake mara nyingi umegeuka kahawia.

Ya babu ni nakala ya ukumbusho. Alipokuwa huko, Wamarekani walikuwa wanaadhimisha miaka 100 ya vita hivyo, kuanzia 1961, na nakala kama hizi ziliuzwa kila mahali kwa watalii na watoto. Thamani yake ni sufuri. Na kama mtu anataka kukuuzia moja "ya kweli" kwa bei ya kutupa, sasa unajua pa kuangalia.

NOTI YA NNE: KAHAWIA

Sasa kaa vizuri. Hii ndiyo iliyofanya niandike makala haya.

Desemba 1941 Japani ilishambulia kambi ya Pearl Harbor visiwani Hawaii. Marekani ikaanza kuwaza: Wajapani wakiviteka visiwa hivi, si watajikuta na mamilioni ya dola halali mikononi? Kwa hivyo mwaka 1942 serikali iliamuru wakazi wa Hawaii warudishe dola zao za kawaida, na badala yake wakapewa dola maalumu. Zilikuwa na muhuri wa kahawia na neno HAWAII mbele na nyuma. Visiwa vikitekwa, Washington ingetangaza mara moja kwamba noti zote zenye neno hilo hazina thamani.

Dola za kawaida zilizokusanywa, takriban dola milioni 200, zilichomwa. Zilikuwa nyingi hadi sehemu ya kuchomea maiti ikasaidiwa na tanuri la kiwanda cha sukari. Wewe waza tu hizo pesa zikigeuka majivu.

Visiwa havikutekwa. Noti zile zikaendelea kutumika, zikasambaa bara, na moja ikaishia kwenye mfuko wa mwanafunzi wa Kenya ambaye pengine alipewa kama chenji tu. Za dola moja zilichapishwa takriban milioni 35. Ni nyingi, ndiyo, lakini ukizilinganisha na mabilioni ya zile za buluu, unaona kwa nini wakusanyaji wanazitaka. Hata iliyotumika huuzwa makumi ya dola. Ikiwa safi bila mkunjo, inavuka dola 100.

Ina ndugu yake pia. Wanajeshi wa Marekani walipoingia Afrika Kaskazini Novemba 1942, walibeba dola zenye muhuri wa manjano kwa hofu ile ile ya kutekwa. Ukiona manjano mahali pa buluu, usiipeleke dukani.

Kwa hivyo noti mbili zilizo sawa kwa sura, zote dola moja, zote zina George Washington, moja ni nauli na nyingine ni shopping ya wiki. Tofauti ni rangi ya muhuri na neno moja. Ndiyo maana nasema angalia kabla hujatoa.

NOTI YA TANO: KICHWA KIDOGO

Hii dola 20 ya shangazi ndiyo inayotuhusu zaidi hapa Nairobi. Kuanzia 1996 Marekani ilibadilisha sura ya noti zake kupambana na watengenezaji wa pesa bandia. Noti ya 100 ilianza, ya 50 ikafuata 1997, ya 20 mwaka 1998. Picha ya rais ikawa kubwa. Zile za awali ndizo tunaziita kichwa kidogo.

Peleka kichwa kidogo kwenye maduka mengi ya kubadilisha fedha mjini uone. Utaambiwa hawachukui, au watachukua kwa kiwango cha chini. Hofu yao ni noti bandia, na pia taabu ya kuzipitisha kwa mwingine. Watu huondoka hapo wakidhani noti imekufa. Haijafa! Marekani kwenyewe bado ni dola 20 kamili. Dawa ni rahisi: mpe binamu au rafiki anayesafiri kwenda huko, naye akutumie thamani yake.

Kwa wakusanyaji je? Dola 20 tu. Ni mpya mno, ni nyingi mno. Kwa hivyo usimruhusu mtu akununulie kwa nusu bei kwa kisingizio kwamba "imepitwa", na wewe usimwambie mtu kwamba ni ya kale.

VITU VIDOGO VYA KUKAGUA

Babu yako huenda ana bahasha tofauti na hii. Haya hapa mambo ya kutazama kabla ya kuamua.

Ukubwa. Noti zilizotoka kabla ya 1929 ni kubwa kuliko za leo, karibu kujaza mkono. Ukikuta ya ukubwa huo na ni halisi, simama hapo hapo. Hata zile za kawaida kati yake huvuka thamani iliyoandikwa. Humo ndimo kuna dola tano ya 1899 yenye picha ya Running Antelope, kiongozi wa jamii ya Lakota, na dola moja ya 1886 yenye picha ya mwanamke, Martha Washington.

Saini. Noti za zamani hutofautishwa kwa majina ya maafisa waliozisaini. Mwaka 1881, Blanche K. Bruce, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa Virginia na baadaye akawa seneta wa Mississippi, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza ambaye saini yake ilitokea kwenye pesa za nchi hiyo. Noti zenye jina lake zina watu wanaozitafuta maalumu.

Nambari. Tarakimu za chini sana kama 00000001, tarakimu zote sawa, zinazopanda kama ngazi 12345678, au zinazosomeka sawa mbele na nyuma, zote hupandisha bei hata kwa noti ya juzi. Nyota kando ya nambari inaonyesha kwamba noti hiyo ilichapishwa kuchukua nafasi ya iliyoharibika kiwandani. Nyota nyingi za siku hizi ni za kawaida, ila baadhi ni adimu.

Thamani kubwa. Noti za dola 500, 1,000, 5,000 na 10,000 zilichapishwa mara ya mwisho 1945 na kusimamishwa rasmi 1969. Bado ni halali, lakini mtu akiipeleka benki apewe dola 500 amejipiga mwenyewe. Wakusanyaji hulipa zaidi ya hapo. Na usidanganywe na dola milioni moja. Serikali ya Marekani haijawahi kutoa noti ya kiasi hicho.

Juu kabisa ya mlima kuna noti ya dola 1,000 ya mwaka 1890 inayoitwa tikiti maji, kwa sababu sifuri zake kubwa za kijani mgongoni zinafanana na matikiti. Mwezi Januari 2014 moja iliuzwa mnadani kwa dola 3,290,000. Dola ikiwa Sh130, hiyo ni zaidi ya Sh420 milioni. Noti kama hizo zilizobaki duniani unaweza kuzihesabu kwa vidole. Si rahisi iwe kwenye bati la ushago.

USIIPIGE PASI

Hali ya noti ndiyo hupandisha au kuua bei. Wataalamu hutumia kipimo cha 1 hadi 70, na noti ile ile ikiwa mpya inaweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya iliyokunjwa. Kampuni kama PMG hukagua noti, huipa alama na kuifunga kwenye plastiki ngumu.

Kwa hivyo ukiikuta, usiioshe. Usiipige pasi kunyoosha mikunjo. Usiibandike gundi ya karatasi mahali ilipopasuka. Mnunuzi mzoefu ataona tu, na utakuwa umeshusha bei mwenyewe. Itie kwenye mfuko laini wa plastiki unaofaa kuhifadhi picha, iweke mahali pakavu, mbali na jua. Basi.

Na usikimbilie kutuma kila noti ikapewe alama. Ada na gharama ya kusafirisha ni makumi ya dola. Kwa noti ya dola moja na nusu hiyo ni hasara ya wazi.

Sasa lile kundi la WhatsApp. Mnunuzi wa kweli akitaka noti yako atauliza picha safi za pande zote mbili, atauliza hali yake, kisha atataja bei. Pesa zinatoka kwake kuja kwako. Akianza kukuambia utume Sh3,500 za "usajili", kisha Sh8,000 za "cheti cha Hazina", kisha "bima ya mjumbe", huyo haitaki noti yako. Anakutaka wewe. Na hata hiyo bei tamu ya dola 10,000 kwa noti ya muhuri mwekundu ni chambo tu, kwa sababu sasa unajua ni dola tatu au nne.

HESABU YA MWISHO

Turudi kwa bahasha. Buluu dola moja na nusu. Nyekundu dola tatu. Ile ya Kusini, sufuri. Kahawia, tuseme 40. Ya shangazi, 20. Jumla ni kama dola 64, au Sh8,000 na kitu. Kwenye maandishi ilikuwa dola 124, lakini 100 za hizo zilikuwa za nchi isiyokuwepo. Ukiondoa hizo, noti za babu zilikuwa na dola 24 na zimekuwa 64, na karibu faida yote imetoka kwa noti moja ambayo ungeweza kuitoa kama sadaka bila kujua.

Si ploti. Lakini ni zaidi ya watu wengi wanavyopata wakifungua bati la zamani.

Na kumbuka kwamba bahasha si yako. Ni ya babu. Kabla hujampiga picha mnunuzi yeyote, mpelekee mzee noti hiyo ya kahawia, keti chini, umwulize aliipata wapi. Mwambie hadithi ya majivu ya Hawaii. Pengine hata yeye hakuwahi kujua alichobeba. Akisema iuzwe, iuzwe kwa bei yake. Akisema ibaki, itie kwenye plastiki na uirudishe sandukuni.